Kufunga reli ya darubini kwenye bunduki ya kuwindia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila inapokaribia Julai, msimu wa uwindaji unapofunguliwa, simu yangu haipumziki. Mmoja yuko Magu, mwingine Sengerema, mwingine ameshuka melini kutoka Ukerewe na bunduki yake imo begini. Kauli ni ile ile: "Fundi, darubini yangu imekufa." Ninaifungua, ninaikagua, na mara nyingi darubini ni nzima kabisa. Kilicholegea ni reli iliyo chini yake. Mtu amenunua darubini ya mamilioni, akaifunga juu ya kipande cha chuma kilichoshikwa na skrubu mbili zenye mafuta.

Maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa hapa karakanani Mwanza. Majibu ni kwa bunduki za kuwindia zinazomilikiwa kihalali.

Reli ni nini, na ina kazi gani?

Ni kipande cha chuma au alumini kinachofungwa juu ya mwili wa bunduki, sehemu inamotembea bolti, kile kipande unachokivuta na kukisukuma kufungua na kufunga chemba. Juu yake kuna mifereji iliyokatwa kukingama. Pete mbili hushika darubini, na pete hizo huingia kwenye mifereji hiyo. Kwa hiyo darubini haishikwi na bunduki. Inashikwa na pete, pete zinashikwa na reli, na reli inashikwa na skrubu nne nyembamba kuliko kalamu. Bunduki ikipiga teke, uzito wote wa darubini huzivuta skrubu hizo kwa ghafla, tena na tena, mwaka baada ya mwaka.

Reli ikisogea upana wa unywele tu, kule mbali risasi inakwenda kwingine. Kwenye pori hilo si jambo la karatasi ya shabaha. Ni mnyama anayekimbia na jeraha.

Je, naruhusiwa kufunga mwenyewe nyumbani?

Kufunga reli kwenye matundu yaliyotobolewa na kiwanda ni kazi ya bisibisi, haibadilishi silaha. Kutoboa matundu mapya, kuchonga mwili wa bunduki au kugusa mtutu ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni. Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ukiwa na mashaka, kaulize polisi kwenye wilaya ulikosajiliwa kabla hujagusa kitu.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: usiiache bunduki kwa fundi wa kuchomelea mageti, hata kama ni shemeji yako na mikono yake ni ya dhahabu. Silaha haiachwi kwa mtu asiye na kibali nayo, hata kwa saa moja. Tena namba ya usajili isikwaruzwe wala kufunikwa na reli kiasi cha kutosomeka.

Nitajuaje reli inayoifaa bunduki yangu?

Anza na bunduki yenyewe, usianze na duka. Soma aina na modeli yake, kisha angalia juu ya mwili. Utakuta moja ya mambo matatu: matundu yenye skrubu fupi za kuziba, au kingo zilizochongwa kama mkia wa njiwa, au chuma kitupu kisicho na chochote.

Zenye matundu, kama Remington 700, hupokea reli iliyotengenezwa kwa modeli hiyo na kwa urefu huo wa bolti. Hapa ndipo watu hukosea: modeli moja huwa na mwili mfupi na mwili mrefu, na reli ya mmoja haikai kwa mwingine. Matundu ya mbele yatakubali, ya nyuma yatakataa. Ukiona hivyo usilazimishe, wala usipanue tundu la reli kwa keekee.

Zenye kingo zilizochongwa hazihitaji reli ya skrubu. CZ 550, ambayo iko mikononi mwa wawindaji wengi wa Afrika Mashariki, ina mkia wa njiwa wa milimita 19 na pete zake maalumu. Ruger M77 nayo ina mahali pa pete palipochongwa kiwandani. Bunduki ndogo za .22 nyingi zina mkia wa milimita 11. Kuna reli za kugeuza mkia huo kuwa mifereji, lakini kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kulegea. Kama pete za moja kwa moja zinapatikana, mimi huchukua hizo.

Picatinny na Weaver, hizi aina mbili za reli, ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa kwa macho zinafanana kama ndugu. Picatinny ni kipimo cha jeshi la Marekani cha mwaka 1995: mfereji una upana wa milimita 5.23, na kutoka katikati ya mfereji hadi katikati ya unaofuata ni milimita 10.01, wakati wote. Mfereji wa Weaver ni mwembamba, kama milimita 4.57, na nafasi kati ya mifereji hubadilika kufuatana na reli. Pete za Weaver kwa kawaida huingia kwenye Picatinny. Pete za Picatinny haziingii kwenye Weaver, na ukizigonga kwa nyundo utaharibu vyote viwili.

Niandae vifaa gani?

Bisibisi au alenki inayokaa kwenye kichwa cha skrubu bila kucheza hata kidogo. Skrubu nyingi za siku hizi ni za nyota. Kipimo cha nyota kikipishana kidogo tu, kichwa kinalika na skrubu haitatoka tena. Tafuta pia bisibisi ya kupimia toki, yaani nguvu ya kukaza, inayosoma namba ndogo, chini ya Nm (nyutonimita) 5. Toki renchi ya gereji pale Nyakato haifai hata kidogo, hiyo ni ya nati za magurudumu. Kabla haijalia "taki", skrubu yako itakuwa imeshakatika.

Zaidi ya hapo: spiriti au asetoni, pamba za masikio, kitambaa safi, gundi ya skrubu ya rangi ya bluu, vernia kalipa ya kupimia urefu, na meza yenye mwanga wa kutosha.

Nianzie wapi?

Toa magazini. Vuta bolti nyuma, angalia chemba kwa macho, kisha ingiza kidole cha mwisho uhisi. Risasi zote zikakae chumba kingine. Halafu itoe bolti kabisa uiweke pembeni. Watoto wasiwepo. Hata kama uliihakikisha asubuhi, hakikisha tena.

Sasa toa skrubu za kuziba matundu. Zikiwa ngumu, usipambane nazo kwa nguvu. Gusisha ncha ya chuma cha kuchomelea solda yenye moto juu ya kichwa cha skrubu kwa dakika moja hivi. Gundi ya kiwandani italainika.

Baada ya hapo safisha. Hatua hii watu huipita mbio, na ndiyo ninayoishikilia kuliko zote. Bunduki mpya hutoka kiwandani na mafuta ndani ya matundu, na bunduki ya zamani ina mafuta ya miaka kumi. Chovya pamba ya masikio kwenye asetoni, zungusha ndani ya tundu, toa, chukua nyingine, rudia mpaka pamba itoke nyeupe. Skrubu nazo zioge. Chini ya reli, juu ya mwili, kote pawe pakavu; utando wa kuzuia kutu una zamu yake mwishoni.

Sababu ya kung'ang'ania hili naijua mwenyewe. Miaka ya nyuma nilifunga reli ya bunduki yangu usiku, umeme umekatika, kwa mwanga wa tochi. Matundu mawili ya mbele niliyasafisha, ya nyuma nikasema yanatosha. Kwenye shabaha ilipiga vizuri. Nikaenda porini na leseni yangu, na siku ya tatu nikampiga swala pala mita kama 120. Risasi ilimpata tumboni, nyuma kabisa ya pale nilipolenga. Tulifuata damu mpaka giza likatukatalia. Asubuhi tulimkuta, fisi wametangulia. Niliporudi kambini nilishika skrubu za nyuma, nikazizungusha kwa vidole vitupu. Tangu siku hiyo sifungi reli usiku.

Nitajuaje kwamba reli imekaa sawasawa juu ya bunduki?

Iweke bila skrubu. Bonyeza mbele, angalia nyuma. Bonyeza nyuma, angalia mbele. Ikichezacheza kama meza yenye mguu mfupi, haijakaa. Kisha weka skrubu moja tu ya mbele, ikaze kidogo, utazame kama nyuma inainuka. Rudia kwa nyuma. Ukipitisha karatasi nyembamba chini yake upande mmoja na upande mwingine ikakataa, hapo pana mwanya.

Kuona mahali hasa inapogusa, mimi hutumia masizi ya koroboi. Washa koroboi, pitisha uso wa chini wa reli juu ya moshi mpaka upate weusi mwepesi, kisha iweke taratibu juu ya mwili mkavu, ibonyeze bila kuiburuta, inua. Palipoacha weusi ndipo panapogusa. Pasipo na kitu, pana hewa. Wapo mafundi wanaonunua rangi ya bluu ya kazi hii, nayo ni nzuri, lakini masizi hayajawahi kunidanganya.

Na nikikuta mwanya?

Usiufunge kwa kukaza skrubu. Ukikaza, reli itapinda kufuata umbo la bunduki. Pete nazo zitapinda kufuata reli, na mwisho bomba la darubini litabanwa kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Ndipo unapoona darubini inakataa kurekebishika na watu wanailaumu.

Mwanya mdogo hujazwa na epoksi ya chuma. Mwili wa bunduki unapakwa nta nyembamba ili epoksi isishike huko, matundu yanazibwa, reli inapakwa epoksi upande wenye mwanya, inawekwa mahali pake, na skrubu za upande unaogusa ndizo zinazokazwa kidogo. Upande wenye mwanya unaachwa ukae wenyewe. Epoksi ikikauka, reli ina kitanda chake. Kama hujawahi kuifanya, mpe fundi mwenye leseni. Nta ikisahaulika sehemu moja, reli haitoki tena.

Skrubu moja imepotea. Nikichukua inayofanana dukani?

Nimeletewa bunduki zenye skrubu kutoka sokoni Makoroboi, kutoka kwenye redio, hata kutoka kwenye mashine ya kushonea. Tafadhali, usifanye hivyo.

Bunduki nyingi za Kimarekani hutumia skrubu iitwayo 6-48: unene kama milimita 3.5, nyuzi 48 kwa kila inchi. Iliyo nene kidogo ni 8-40, kama milimita 4.2. Madukani kwetu skrubu karibu zote ni za milimita. Ile ya M3.5 ina unene ule ule wa 6-48, inaingia mzunguko mmoja, wa pili, unadhani umefaulu. Lakini nyuzi zake zina nafasi ya milimita 0.6, na za 6-48 ni kama milimita 0.53. Kuanzia mzunguko wa tatu inakata nyuzi za bunduki yako. Skrubu ni ya shilingi mia, tundu ni la bunduki nzima. Agiza seti ya skrubu kwa jina la reli yako na usubiri.

Nimefunga reli, sasa bolti inakwama. Kosa ni nini?

Skrubu ndefu. Matundu hayako mahali pamoja kwa unene: moja la mbele hukaa juu ya nyuzi za mtutu, jingine juu ya njia ya bolti. Skrubu ikizidi hata nusu milimita inaingia mahali isipotakiwa. Ile inayogusa bolti utaijua, maana bolti inakwaruza. Inayoniogopesha ni ile ya mbele inayogota kwenye nyuzi za mtutu. Mkono unahisi imekaza barabara, kumbe imekaza dhidi ya mtutu, na reli yenyewe haijabanwa.

Kwa hiyo pima. Ingiza skrubu kwenye reli, pima sehemu iliyochomoza chini kwa vernia, linganisha na kina cha tundu. Skrubu ikizidi, isage ncha yake taratibu kwa tupa, ukiiondoa imalizie kwa spiriti. Na baada ya kila skrubu moja kukazwa, rudisha bolti, ifungue na kuifunga. Usisubiri zote nne.

Nikaze kiasi gani?

Kwanza fuata karatasi ya mtengenezaji. Kama haipo, skrubu za 6-48 hukazwa kati ya Nm 1.7 na 2.3, na za 8-40 karibu Nm 2.8. Vifuniko vya pete vinavyoishika darubini ni Nm 1.7 hadi 2.0, na hapo usizidishe, bomba la darubini ni alumini nyembamba.

Karatasi nyingi za Marekani zimeandika kwa paundi na inchi. Zidisha namba hiyo kwa 0.113 upate Nm. Ukisoma 20, ni Nm 2.26.

Zote ziguse kwanza, ndipo ukaze kidogo ya mbele, kidogo ya nyuma, unarudi mbele, mpaka zifike. Ukiimaliza moja kabla ya nyingine unaivuta reli upande.

Wasio na bisibisi ya toki hunisumbua sana kwa swali hili. Ingiza mkono mrefu wa alenki kwenye skrubu, kaza kwa kuushika mkono mfupi kati ya kidole gumba na cha shahada, mpaka vidole vigome. Si kipimo kamili, na ukipata bisibisi ya toki rudia kazi. Lakini ni salama kuliko kuning'inia kwenye mkono mrefu.

Gundi ya skrubu ni lazima? Nyekundu au bluu?

Bluu, tone moja dogo kwenye nyuzi, iachwe saa 24 kabla ya kupiga risasi. Nyekundu inahitaji moto mkali kutoka, na siku utakayotaka kubadilisha reli utalia. Usiijaze tundu, gundi ikizidi hutiririka ndani kwenye njia ya bolti. Kwenye vifuniko vya pete mimi siweki.

Reli iliyoinama dakika 20 za pembe inanifaa?

Kwa anayepiga mbali sana, ndiyo. Reli hiyo iko juu kidogo kwa nyuma, hivyo darubini inapata nafasi zaidi ya kupanda. Dakika moja ya pembe ni kama sentimita 2.9 kwenye mita 100, kwa hiyo dakika 20 ni sentimita 58. Kwenye vichaka vya Maswa, ambako unapiga mita 80, 150, mara chache 200, huna kazi nayo. Nunua iliyonyooka.

Nina Mauser ya marehemu baba, kibali kimeshahamishiwa kwangu. Juu haina tundu hata moja.

Mauser 98 za jeshi zilitengenezwa kwa kulenga kwa macho, hivyo hazina matundu ya reli. Zinatobolewa, lakini ngozi ya chuma chake ni ngumu na inavunja keekee. Tundu likienda pembeni milimita moja, darubini itaangalia upande maisha yote. Mkono wa bolti nao husimama wima kiasi cha kuigonga darubini, na kufuli ya usalama ya nyuma vilevile. Vyote viwili hubadilishwa. Ni kazi ya fundi mwenye leseni na mashine, si ya keekee ya mkononi.

Nami nitakuuliza: una haja gani? Kama ni bunduki yenye alama na namba zake zote za asili, iache ilivyo. Babako alilenga kwa macho na nyama ilifika nyumbani.

Bunduki yangu ni .375 H&H, ya risasi kubwa. Kuna tofauti?

Ipo, na ni kubwa. Teke lake linachosha skrubu za 6-48. Tafuta reli ya chuma, si alumini, yenye kidole chini yake kinachoegemea mwili wa bunduki ili teke lisibebwe na skrubu peke yake. Ikiwezekana fundi apanue matundu kuwa 8-40. Kitanda cha epoksi kwa bunduki hii mimi sikihesabu kuwa anasa. Na darubini ikae mbele ya jicho kwa sentimita 9 au 10. Wenye alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi wanajua ninachosema.

Pete ziende wapi kwenye mifereji?

Moja iwe mbali na nyingine kadiri bomba linavyoruhusu. Kabla ya kukaza, zisukume mbele, upande wa mdomo wa mtutu, mpaka ziguse ukuta wa mfereji. Bunduki inarudi nyuma, darubini inataka kubaki, kwa hiyo kwenye reli inakuwa kama inakimbilia mbele. Ukiacha nafasi hapo, risasi ya kwanza itaijaza, na shabaha yako itahama.

Sisi wa ziwani, kutu je?

Unyevu wa ziwa hauna huruma, hasa masika. Chini ya reli ya chuma huwa pana giza na jasho. Kabla ya kuifunga mara ya mwisho, paka utando mwembamba wa mafuta juu ya mwili kwa kitambaa, ukikwepa matundu. Utando kweli, ukiuona unang'aa umezidi. Usiihifadhi bunduki kwenye begi la turubai lililofungwa zipu, hasa ukitoka nayo kwenye boti. Begi hilo hushika maji kama sponji.

Nimemaliza. Ninahakikishaje?

Chora mstari mwembamba wa kalamu ya rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye reli. Mstari ukikatika siku yoyote, skrubu imezunguka. Nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, piga tatu za mita 25, rekebisha, kisha tatu za mita 100. Darubini nyingi za kuwindia, kila mbofyo wa kuirekebisha husogeza risasi kama milimita 7 kwenye mita 100. Kundi likihama kwenda upande mmoja kila unapopiga, acha kubofya, rudi kwenye reli. Baada ya risasi 20 angalia toki tena.

Na kutoka Mwanza hadi porini kuna barabara ya vumbi ya kutosha kulegeza meno. Ukifika kambini, kabla ya kumlenga mnyama yeyote, angalia mistari yako ya rangi na, kama mwongozaji anaruhusu, piga moja ya kuhakikisha.